Batli ndani ya dirisha: safari ya ujumbe wa programu mpaka kwenye skrini

"Kaka, programu imestaki." Aliyepiga simu ni kijana wa kaunta katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, na nyuma yake nilisikia sauti za wateja. Nilikuwa nimewaandikia programu ya kusahihisha bei: inasoma orodha mpya kutoka kwenye faili la Excel, inailinganisha na hifadhidata ya stoo, kisha inabadilisha panapohitajika. Siku mbili kabla ya simu hiyo nilikuwa nimeongeza kisanduku cha maandishi chini ya dirisha ili kila hatua ionekane. Mwenye duka ndiye aliyekiomba. "Mwanangu, ikinyamaza hivi mimi naogopa. Nataka nione inafanya nini."

Kisanduku hicho ndicho kilichoigandisha. Orodha ilikuwa na bidhaa elfu tatu na ushee, kila bidhaa ikitoa mstari wake: bei ya saruji imebadilika, nondo ya milimita 12 haijaonekana, misumari iko vilevile. Dirisha likapauka, Windows ikatangaza kwamba programu haijibu, na yule kijana, akiwa amezingirwa na wateja, akaizima kwa nguvu. Bei nyingine zilikuwa mpya, nyingine za zamani, na hakuna aliyejua kazi iliishia wapi, maana mistari yote ilipotea pamoja na dirisha.

Hapo kuna matatizo mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni namna ya kufikisha ujumbe kwenye skrini bila kuikwamisha programu. La pili ni ujumbe gani uandikwe, kwa ajili ya nani, na ubaki wapi baada ya dirisha kufungwa. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu ndilo linalowaumiza wanaoanza.

Waandaaji programu huuita ujumbe huu logi. Kiswahili kina neno lake lililotoka baharini: batli, yaani daftari la nahodha la kuandikia mwenendo wa chombo. Hata hilo logi asili yake ni chomboni, kwani Waingereza walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba ili kupima mwendo wa meli, na vipimo vikaingia daftarini. Nalipenda neno batli kwa sababu linaeleza kazi yenyewe. Nahodha haandiki batli akishatia nanga. Huandika chombo kikiwa kwenye mkondo, ili hata kikipatwa na jambo, ijulikane kilikuwa wapi mara ya mwisho.

Karani mmoja, dirisha moja

Programu yoyote yenye madirisha na vitufe ina uzi mmoja mkuu (wengi husema thredi) unaozunguka bila kukoma: unapokea kubofya kwa kipanya, unapokea herufi zilizochapwa, unachora upya sehemu ya skrini iliyobadilika, kisha unarudi mwanzo. Mfikirie karani aliye peke yake kwenye dirisha la malipo hospitalini. Ukimtuma stoo akahesabu mifuko ya saruji, kazi yako itafanyika, lakini dirisha litabaki bila mtu na mstari wote utasimama. Ndivyo ilivyokuwa programu yangu. Kitufe cha "Sahihisha bei" kiliuita uzi mkuu, nao ukaenda kuzunguka bidhaa elfu tatu bila kurudi dirishani. Kwa Windows, programu ambayo haijachukua ujumbe wake kwa sekunde 5 huhesabiwa kuwa imekwama, na hapo ndipo dirisha hupauka.

Jambo linaloshangaza ni kwamba mistari yote ilikuwa imeshaingia kisandukuni. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa nayo, ila hapakuwa na wa kuichora, kwa kuwa mchoraji ndiye yuleyule aliyetumwa stoo.

Dawa ya kwanza ambayo wengi hukimbilia ni kulazimisha uchoraji. Katika Tkinter, maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa) ya madirisha inayokuja na lugha ya programu ya Python, kuna amri ya `update`. Ukiiita baada ya kila mstari, dirisha linaonekana kuwa hai. Nakusihi usiizoee. Amri hiyo haichori tu. Inapokea pia mibofyo inayosubiri. Mtumiaji asiye na subira akibofya "Sahihisha bei" mara ya pili, kazi inaanza upya katikati ya ile ya kwanza, na sasa una mizunguko miwili iliyoingiliana juu ya hifadhidata moja. Kosa la namna hii hutokea kwa mteja wiki ya mwisho wa mwezi, wala halitokei mezani kwako.

Dawa ya pili ni sahihi nusu: kuipeleka kazi nzito kwenye uzi mwingine, ili karani abaki dirishani. Uzi wa pili unasoma Excel, unabadilisha bei, na kila ukimaliza bidhaa unaandika mstari moja kwa moja kwenye kisanduku. Kosa liko kwenye hicho kitendo cha mwisho. Tkinter na maktaba nyingine za madirisha, kama Qt, Swing ya Java na Windows Forms, zote zina sharti moja: vilivyomo dirishani viguswe na uzi mkuu peke yake. Ukilivunja, huenda usione lolote leo. Kesho programu itazimika ghafla, au maandishi yatachanganyika, au dirisha litaganda bila sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole.

Kwa nini watengenezaji wa maktaba hizi hawakuziwekea kufuli tu, ili kila uzi uandike kwa zamu? Walijaribu. Mwaka 2004 Graham Hamilton, aliyekuwa Sun Microsystems, kampuni iliyounda Java, alieleza vizuri kwa nini jaribio hilo hushindikana. Amri za programu hushuka kutoka juu: msimbo wako, kisha maktaba, kisha mfumo wa uendeshaji. Matukio ya mtumiaji hupanda kutoka chini: mfumo wa uendeshaji, kisha maktaba, kisha msimbo wako. Kila upande ukifunga kufuli unakopita, wawili hawa hukutana njiani, mmoja ameshika ufunguo anaoutaka mwenzake, na hakuna anayepisha. Ndiyo sababu takriban maktaba zote kubwa ziliamua uzi mkuu uwe mmoja.

Foleni ndiyo jibu

Ikiwa uzi wa kazi hauruhusiwi kugusa kisanduku, na uzi mkuu hauruhusiwi kwenda stoo, basi lazima pawe na mahali pa kuachiana vitu. Mahali hapo ni foleni. Uzi wa kazi unaweka ujumbe upande mmoja na kuendelea na shughuli zake. Uzi mkuu, kila unapopata nafasi, unachota upande wa pili na kuuonyesha. Foleni yenyewe imejengwa ili nyuzi nyingi ziitumie kwa pamoja bila kugongana.

Python inakupa karibu vifaa vyote. Moduli ya `logging` iliandikwa na Vinay Sajip na ikaingia kwenye Python 2.3 mwaka 2003. Wazo lake kuu ni kutenganisha anayesema na anayesikiliza. Msimbo wako unasema tu "bei ya saruji imebadilika". Haujui wala haujali kama maneno hayo yataishia kwenye faili, kwenye mtandao au kwenye dirisha. Anayeamua ni handla, kifaa unachokipachika pembeni. Mwaka 2011, katika Python 3.2, ikaongezwa handla inayoweka kila rekodi kwenye foleni, nayo ndiyo tunayoihitaji:

```
import logging, queue
from logging.handlers import QueueHandler

foleni = queue.Queue()
mzizi = logging.getLogger()
mzizi.setLevel(logging.INFO)
mzizi.addHandler(QueueHandler(foleni))

def chota():
    for _ in range(200):
        try:
            rekodi = foleni.get_nowait()
        except queue.Empty:
            break
        onyesha(rekodi)
    dirisha.after(100, chota)

chota()
```

Kazi ya `onyesha` unaiandika mwenyewe: inapokea rekodi na kuongeza mstari kisandukuni. Amri ya `after` inamwambia karani, "baada ya milisekunde 100, ukipata nafasi, fanya hivi." Haimsimamishi kumngoja mtu. Na `get_nowait` inachota kilichopo. Foleni ikiwa tupu inarudi mara moja badala ya kusubiri. Ukiandika `get` tupu hapo umelirudisha tatizo lote la mwanzo, kwa kuwa karani atasimama mbele ya foleni tupu akingoja ujumbe usiokuja.

Kikomo cha 200 hakikuja kwa bahati. Bila kikomo, uzi wa kazi ukimwaga mistari elfu kumi kwa pigo moja, karani ataichota yote kabla ya kuwarudia wateja, na skrini itaganda tena. Kwa mistari 200 kila sehemu ya kumi ya sekunde, bidhaa elfu tatu zinaonyeshwa katika mizunguko 15, yaani sekunde moja na nusu hivi, na katikati ya kila mzunguko kitufe cha "Simamisha" bado kinasikia. Programu yako ikitoa zaidi ya mistari elfu mbili kwa sekunde mfululizo, tatizo limehama: hakuna binadamu anayesoma kasi hiyo, na unachotakiwa kupunguza ni maneno yenyewe.

Mstari wa `setLevel` usiuruke. Bila huo, mzizi wa `logging` hupitisha maonyo na makosa tu. Taarifa za kawaida hukataliwa mlangoni. Nimeona watu wakitafuta kosa kwenye kisanduku saa nzima ilhali ujumbe haukufika hata kwenye foleni.

Anayetumia Qt anapata foleni hii bila kuijenga. Handla yake inatoa ishara, na Qt ikiona kwamba mpokeaji anaishi kwenye uzi mwingine, inaiweka ishara hiyo kwenye foleni ya uzi huo yenyewe. Katika Java utampa `SwingUtilities.invokeLater` kazi ya kuandika. Katika Windows Forms ipo `BeginInvoke`, na nasisitiza hiyo badala ya `Invoke`: ya pili humfanya mtumaji asubiri mpaka mstari uandikwe, na siku uzi mkuu nao utakapokuwa unausubiri uzi wa kazi umalize, wote wawili watasubiriana milele. Majina ni tofauti, kitu ni kilekile.

Kisanduku chenyewe

Kisanduku cha maandishi cha Tkinter kina tabia moja inayowachanganya wengi. Unataka mtumiaji asiweze kuandika ndani yake, kwa hiyo unakifunga kwa `state="disabled"`. Kumbe kufuli hilo linakuzuia na wewe: amri yako ya kuongeza mstari inapita kimya, bila kosa lolote, na kisanduku kinabaki cheupe. Lazima ukifungue, uandike, ukifunge tena, kila mara.

Halafu kuna kusogea. Tunapenda mstari mpya uonekane, kwa hiyo tunakishusha kisanduku hadi chini kila ujumbe unapoingia. Sasa mtumiaji ameona neno jekundu likipita, anapandisha juu kulisoma, na kabla hajamaliza unamvuta tena chini. Anapandisha, unamvuta. Ni adha ndogo inayomfanya mtu aichukie programu nzuri. Kabla ya kuandika fungu la mistari, uliza kisanduku kiko wapi: `yview()` hurudisha namba mbili, na ya pili ikiwa 1.0 maana yake mtumiaji yuko chini kabisa, basi mshushe. Akiwa juu, mwache asome.

Na usiache kisanduku kikue bila mwisho. Programu ya duka huwashwa asubuhi na huzimwa usiku, pengine haizimwi wiki nzima. Ikifika mistari elfu tano, kata ya zamani. Qt ina `QPlainTextEdit` yenye `setMaximumBlockCount`, amri moja tu na imekwisha. Kwenye Tkinter utahesabu mistari na kufuta ya juu mwenyewe. Rangi nazo zitumie, nyekundu kwa kosa na ya machungwa kwa onyo, lakini neno lenyewe KOSA au ONYO liwepo pia, kwa ajili ya asiyezitofautisha rangi hizo na kwa ajili ya maandishi yatakayonakiliwa kwenda kwingine.

Dirisha halitoshi

Bei za duka lile zilibaki nusu kwa nusu kwa sababu batli ilikuwa dirishani tu. Tangu siku hiyo kila programu yangu ina handla mbili: ya foleni kwa ajili ya macho, na ya faili kwa ajili ya kesho. Ya faili naipachika moja kwa moja bila kuipitisha kwenye foleni ya dirisha, kwa sababu programu ikizimwa kwa nguvu, chochote kilichokuwa bado foleni kinapotea. `RotatingFileHandler` hugawa batli katika mafaili ya ukubwa unaoutaka na kufuta ya kale, hivyo diski haijai.

Kuna mtego mwingine kwa wanaosambaza programu bila konsoli, ile skrini nyeusi. Ukiiendesha kwa `pythonw` kwenye Windows, njia za kawaida za kutolea maandishi hazipo kabisa, na kila `print` huishia hewani. Makosa ambayo hukuyatarajia nayo hufuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo yakamate: `sys.excepthook` kwa uzi mkuu, `threading.excepthook` (ipo tangu Python 3.8) kwa nyuzi nyingine, na `report_callback_exception` kwa makosa ya vitufe vya Tkinter. Zote tatu uzielekeze kwenye batli. Bila hivyo utapigiwa simu ya "imezima yenyewe" na hutakuwa na pa kuanzia.

Sasa, ujumbe useme nini? Python ina ngazi tano zenye namba: 10 kwa uchunguzi wa fundi, 20 kwa taarifa, 30 kwa onyo, 40 kwa kosa na 50 kwa hatari kubwa. Faili napenda lipokee kuanzia 10, dirisha kuanzia 20; kwa hiyo `setLevel` ya mzizi ishushwe hadi `logging.DEBUG`, na INFO iwekwe kwenye handla ya foleni. Lakini ngazi hazimalizi kazi. Mwenye duka akiona "WinError 10061" hajaambiwa kitu. Maana yake ni kwamba kompyuta ya upande wa pili imekataa muunganisho, na kwa duka lile sababu yake karibu kila mara ilikuwa moja. Kwa hiyo dirisha linasema: "Hifadhidata ya stoo haipatikani. Hakikisha programu ya hifadhidata kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma imewashwa, kisha bonyeza Jaribu tena." Ile 10061 inaingia kwenye faili, inaningoja mimi.

Kitu kinachotuhusu sisi hasa ni saa. Kijana wa kaunta anasema programu ilisumbua "saa nne na robo hivi". Dirisha limeandika 10:14. Seva iliyokodishwa nje inaandika kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, na huko tukio hilohilo ni 07:14. Wote watatu wako sahihi. Usipoliweka sawa jambo hili utatafuta kosa la saa nne kwenye mistari ya saa kumi alfajiri. Mimi huandika saa 24 za Afrika Mashariki dirishani, na kwenye faili naongeza +03:00 mwishoni ili mstari ujieleze popote utakapofunguliwa.

Na kuna visivyotakiwa kuandikwa kabisa: nywila, namba ya siri, ujumbe mzima wa malipo ya simu wenye jina na namba ya mteja. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake zaidi ya milioni 300 wabadilishe nywila, kwa sababu hitilafu iliziandika zikiwa wazi kwenye batli ya ndani kabla hazijafichwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, na batli iliyojaa namba za wateja inaguswa na sheria hizo sawa na daftari lolote la wateja. Ficha tarakimu za katikati hukohuko kwenye msimbo, rekodi ikiwa haijafika kwenye handla yoyote, maana faili la batli ndilo linalotumwa ovyo kuliko yote.

Hutumwa kwa WhatsApp. Zamani nilikuwa nikipokea picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, ina mng'ao wa taa, na nusu ya mstari muhimu iko nje ya fremu. Nikaweka kitufe cha "Nakili ujumbe" chini ya kisanduku. Wiki iliyofuata kijana wa kaunta alinitumia mistari miwili safi: "10:14:07 ONYO Nondo 12 mm haijaonekana kwenye stoo" na "10:14:07 TAARIFA Jina lililo karibu: Nondo 12mm". Nafasi moja kati ya namba na kipimo. Nilimjibu aifute kwenye Excel na abonyeze tena. Sasa aliona mistari ikishuka kidogokidogo huku kaunta ikiendelea kuuza, na bei ya nondo ikabadilika kabla mteja hajamaliza kuhesabu pesa zake.